Fedha za Matairi



Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikisomesha mlango wa udhuru unaomruhusu Mwislamu kuacha sala ya jamaa msikitini. Humo hutajwa mvua inayorowesha nguo, matope, upepo mkali wa usiku, maradhi, na theluji. Kila nilipofika katika neno hilo la mwisho, thalj kwa Kiarabu, ambalo ndilo lililotuzalia neno letu theluji, nilikuwa nikilipita upesi. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuiona, wala mwalimu wao hakuwahi kuiona. Niliwaambia kuwa ni mfano wa barafu ya kwenye friji iliyosagwa, kisha tukafungua ukurasa wa pili.

Leo nataka kukusimulieni namna nilivyosomeshwa mlango huo upya nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na nani walionisomesha. Si kisa cha kujivunia. Mke wangu ndiye aliyenihimiza nikiandike, kwa hoja kwamba nyumba nyingi za hapa kwetu zina mtoto ng'ambo, na huenda kosa langu likawa faida kwa mwengine.

Mwaka uliopita, mwezi wa Januari, tulisafiri kwenda Ottawa, mji mkuu wa Kanada, anakoishi mwanangu wa kwanza. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na mke wangu alikwenda kumlea mzazi. Mimi nilifuatana naye kama mahram na, nikiri, kama mtu mwenye hamu ya kuuona ulimwengu. Huko Januari si kipupwe chetu. Kuna asubuhi joto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na zaidi ya hapo. Mfereji wa Rideau unaoukata mji huganda hadi watu wakateleza juu yake kwa viatu vyenye vyuma, masafa ya kilomita 7.8, wengine wakielekea kazini. Nilipouona mara ya kwanza nilisema subhanallah, na mjukuu wangu wa miaka sita akanicheka kwa kuwa nilikataa kukanyaga.

Jioni moja, wiki ya pili ya safari yetu, theluji ilikuwa imeanguka tangu adhuhuri. Tulisali Magharibi nyumbani. Ilipokaribia Isha nilivaa koti langu na kofia, nikakaa karibu na mlango. Mwanangu aliniangalia kidogo, kisha akasema kwa upole, "Baba, leo tusali nyumbani. Barabara haziko vizuri."

Nilimjibu, "Mwanangu, si umeniambia msikiti uko dakika kumi tu kwa gari? Tuache jamaa kwa sababu ya baridi?"

Alinyamaza. Nafikiri alitaka kusema neno akalimeza. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za kwetu hamrudii baba yake mara mbili. Akachukua ufunguo, akasema, "Haya, Baba. Twende." Mjukuu wangu naye akang'ang'ania kufuatana na babu, akafungwa mkanda katika kiti chake cha nyuma.

Karibu na msikiti pana mteremko mdogo, mteremko ambao kwetu mtoto angeushuka kwa baiskeli bila kushika breki. Chini yake pana taa za barabarani. Taa zilikuwa nyekundu, na mwanamke mmoja alikuwa akivuka, akisukuma kigari cha mtoto mchanga. Mwanangu alikuwa akienda polepole, na alikanyaga breki mapema, mbali kabisa. Niliona mguu wake ukikanyaga. Nilisikia breki zikitetemeka chini yetu. Lakini gari halikusimama. Liliendelea kushuka kwa utulivu wa kutisha, bila kelele, kama jahazi lililokatika nanga likichukuliwa na mkondo kuelekea mwambani. Magurudumu hayakuwa yakizunguka, na bado tulikuwa tukienda.

Sina hakika nilisoma nini wakati ule. Namkumbuka mwanangu akiachia breki kidogo, akizungusha usukani kuelekea kulia, na gari likijitia pua ndani ya lundo la theluji lililokusanywa kando ya njia. Likasimama hapo. Yule mwanamke alikwisha kuvuka. Alitembea zake na mwanawe bila kugeuka, wala hakujua kuwa nyuma yake watu watatu ndani ya gari walikuwa hawawezi kusema.

Aliyesema wa kwanza alikuwa mjukuu wangu. "Babu," aliuliza, "kwa nini gari halikumsikia Baba?"

Hatukufika msikitini usiku ule. Tulirudi nyumbani taratibu na tukasali sebuleni, na katika sijda nilikaa kuliko kawaida yangu.

Usiku huo mke wangu hakulala. Nami sikulala. Mwishowe aliniambia yale aliyoyasikia jikoni kutoka kwa mkwe wetu, maneno ambayo mwanangu alimkataza mkewe asiyatoe. Gari lile lilikuwa na matairi ya kawaida, yale wayaitayo ya misimu yote. Kila mwaka mwanangu hufunga matairi maalumu ya baridi, lakini yale ya zamani meno yake yalikuwa yamekwisha, na fundi alimwambia asiyarejeshe tena barabarani. Akaanza kuweka akiba. Ilipofika Oktoba alikuwa amefikisha dola 900 za Kanada, ambazo ni zaidi ya shilingi 80,000 za kwetu. Ndipo nilipompigia simu.

Nilimpigia kwa ajili ya harusi ya dada yake iliyokuwa Desemba. Walima tulioupanga ulikuwa wa watu 150, na ulitosha. Lakini jirani alikuwa amefanya wa watu 300, na mimi, ambaye kila mwaka hupanda mimbari kukemea israfu, niliona haya watu wasije wakasema sheikh ameozesha binti yake kinyonge. Nikamwambia mwanangu aongeze mkono. Hakuniuliza swali. Baada ya siku mbili fedha ziliingia kwenye simu yangu, na mimi sikuuliza zimetoka wapi wala amejinyima nini ili ziingie. Nilimwombea dua ya baraka, nikaagiza mchele.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, matairi ya mwanangu tuliyala kwa pilau. Na usiku ule mimi ndiye niliyemshurutisha ayaendeshe yale mabovu juu ya theluji, nyuma yake akiwa amekaa mjukuu wangu.

Asubuhi tulikwenda gereji. Fundi alikuwa mzee wa Kilebanoni, na nilifurahi kwamba Kiarabu changu cha chuoni kilinifaa, ingawa yeye alizungumza lahaja yao nami nikazungumza kama kitabu. Nilimwuliza lile swali la mjukuu wangu: kwa nini gari halikusikia?

Alinitoa nje, kwenye rafu ambayo matairi yalikuwa yamelala usiku kucha katika baridi. Akaniambia nibonyeze tairi la kawaida kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu kama gogo. Kisha akanionyesha la baridi. Hilo lilibonyea kidogo, likarudi, kama mpira unavyotakiwa kuwa. Tofauti yote, alisema, imeanzia hapo. Mpira wa tairi la kawaida umechanganywa ili ustahimili joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, huanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa kwa namna nyengine ili ubaki laini katika ubaridi.

Nilielewa mara moja, kwa sababu nina mfano wake nyumbani. Akina mama wa pwani wanayajua mafuta ya nazi. Wakati wa kaskazi humiminika kama maji, na asubuhi za kipupwe huganda kwenye chupa, ikabidi chupa iwekwe juani. Mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni hewa. Na ikiwa asubuhi zetu za Julai hugandisha mafuta ya nazi, basi nyuzi 20 chini ya sifuri zitaufanya nini mpira usioumbwa kwa ajili yake?

Jambo la pili ni meno ya tairi. Katika tairi la baridi mifereji ni mipana na ya kina zaidi, na kila jino limechanjwa vichanjo vyembamba vingi, kama samaki anavyochanjwa kabla ya kutiwa viungo. Tairi likikanyaga, vichanjo hivyo hufunguka na kuwa kingo ndogo ndogo zinazouma theluji na barafu. Na ajabu ni kwamba theluji inayoshikwa katika mifereji nayo husaidia, maana theluji hushikana na theluji. Mtoto afinyangaye donge la theluji kwa mikono yake analijua hilo kabla ya mhandisi.

Kisha nikamwuliza kuhusu breki, kwa kuwa nilizisikia zikifanya kazi. Alicheka. "Ya sheikh," aliniambia, "breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi na barabara." Hapo nilikumbuka manahodha wetu. Nanga ni chuma kizito, na kamba yake ni imara, lakini ikitupwa juu ya mwamba laini haishiki kitu, chombo kitaburutwa nayo. Breki nzuri juu ya tairi lililokakamaa ni nanga juu ya mwamba.

Aliniambia pia kosa la wengi wanaonunua magari makubwa yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Gari la namna hiyo huondoka vizuri kwenye theluji, na mwenyewe akaghurika, akadhani litasimama vizuri vilevile. Lakini kusimama ni kazi ya matairi, na matairi yake yakiwa ya kawaida atateleza kama mwenye gari dogo, tena kwa uzito mkubwa zaidi. Wala haifai kufunga mawili tu ili kuokoa fedha. Ukifunga mbele peke yake, mbele itashika na nyuma itachomoka, gari lizunguke. Ni manne au si lolote.

Nilijifunza alama yake pia, nikaichora katika daftari langu. Ubavuni mwa tairi la baridi lililojaribiwa likafaulu huchorwa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Matairi mengine yana herufi M na S tu. Herufi hizo huonyesha namna meno yalivyochongwa, na peke yake si ushahidi kuwa tairi limepita mtihani ule. Na hata lenye mlima, likichakaa hadi meno yakakaribia kimo cha milimita 4, halifai tena kwa theluji. Baridi ikipita lazima yafunguliwe, kwa kuwa mpira ule laini huliwa upesi na lami ya joto.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la sheria. Ottawa imekaa kando ya mto, katika jimbo la Ontario. Ukivuka daraja tu unaingia Gatineau, ambayo ni jimbo la Québec. Huko Québec, tangu mwaka 2008, sheria humlazimisha mwenye gari lililosajiliwa jimboni kufunga matairi ya baridi msimu wa theluji. Mwanzo ilikuwa kuanzia 15 Desemba hadi 15 Machi, na tangu 2019 huanza 1 Desemba. Upande wa pili wa mto, Ontario, hakuna amri hiyo kwa watu wa kawaida. Serikali iliwataka tu wenye bima, tangu 2016, wampunguzie malipo anayeyafunga. Theluji ni moja, mto ni mmoja, na barafu haiulizi umetoka jimbo gani. Mwanangu hakuvunja sheria yoyote usiku ule. Lakini sisi tuliosoma fikihi tunajua kuwa si kila kisichokatazwa na serikali ni salama, na kwamba kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu matano ya sharia, hata kama hapana askari anayetazama.

Na jambo lenyewe si geni wala si anasa ya zama hizi. Wafini, watu wa kaskazini kabisa ya Ulaya, walitengeneza tairi la theluji la malori mwaka 1934, na la magari madogo mwaka 1936. Takriban miaka 90 watu wa nchi za baridi wamejua kuwa barabara ya theluji inataka kiatu chake.

Tuliyanunua siku ile ile. Mke wangu alitoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya zawadi, mimi nikaongeza nilichokuwa nacho, na kilichobaki mwanangu alikimalizia. Wale jamaa zetu mlionung'unika kuwa tumerudi kutoka Kanada mikono mitupu, sasa mmeijua sababu. Tusameheane.

Kabla ya kuondoka gereji nilimwambia mwanangu, mbele ya fundi, "Nisamehe." Aliinamisha kichwa akasema, "Baba, usiseme hivyo. Ni mimi sikukwambia." Ni kweli hakuniambia. Lakini ni nani aliyemfunza kuwa mzazi akiomba, jibu ni moja tu?

Siku chache baadaye theluji ilianguka tena. Tulishuka mteremko ule ule, taa zikiwa nyekundu, na gari likasimama kwa adabu, mbali na mstari. Mjukuu wangu akapiga makofi. Hata hivyo yule fundi alituonya tusilewe. Tairi la baridi hupunguza hatari, haliiondoi. Bado dereva atapunguza mwendo, ataacha nafasi kubwa kati yake na gari la mbele, na atachunga zaidi kwenye madaraja, ambayo huganda kabla ya barabara kwa kuwa baridi huyapiga juu na chini. Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, mtu akaidhania kuwa ni lami iliyorowa tu. Na upepo wa matairi hupungua baridi inapozidi, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara.

Kuna wanaosema kuwa haya yote ni udhaifu wa imani, kwamba ajali ni kadari na iliyoandikwa haifutiki. Kisa cha yule bedui na ngamia wake kila mtoto wa chuoni anakijua, sina haja ya kukirudia. Tawakkul huja baada ya kufunga kamba. Mimi usiku ule nilitaka tawakkul bila kamba, tena kwa roho za watu wengine. Wala ile hamu yangu ya jamaa haikuwa ibada safi. Ndani yake ilikuwemo fahari ya sheikh asiyetaka kuonekana ameshindwa na baridi. Sharia ilikwisha kunipa rukhsa kwa neno moja, neno nililolipita upesi kwa miaka 30.

Sasa nasema nanyi, akina mama na akina baba wenye watoto katika nchi za theluji: Kanada, Marekani, Sweden, Norway na kwengineko. Watoto hawa wanatupenda na wanatuonea haya. Tukiomba watatoa, na hawatatwambia wametoa kutoka wapi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya wao kununua matairi, nguo za watoto na kulipia joto la nyumba. Kwetu ni miezi ya kupanga harusi za Desemba. Kabla hujapiga simu ya kuomba, piga simu ya kuuliza. Muulize: je, mwanangu, umekwisha kufunga matairi ya baridi? Yana alama ya mlima? Yote manne? Akisita katika kujibu, basi lile la kwako lisubiri. Na akikwambia kuwa barabara leo si nzuri, hatakwenda msikitini wala kazini, usimwone mvivu. Yeye ndiye aliye juu ya theluji, wewe uko juu ya baraza.

Nanyi vijana mlio huko, kumwambia mzazi kweli si kukosa adabu. "Baba, fedha hizi ni za matairi" ni maneno machache. Mzazi mwenye akili atafurahi kuyasikia, na asiye na akili atazinduka baadaye, kama nilivyozinduka mimi.

Mwaka huu darasani nilipofika kwenye neno thalj nilisimama hapo somo zima. Kijana mmoja aliuliza kwa nini theluji iwe udhuru wakati hailoweshi sana kama mvua. Nilimjibu kuwa kuna usiku ambapo gari halimsikii dereva, nikawasimulia niliyokusimulieni leo. Hakuna aliyecheka.

Wabillahi tawfiq.